Ngazi za kisasa kwa nyumba ya ghorofa moja Moshi: nichague zipi kabla ya kumwaga slabu?

Mama Mjenzi (Rau, Moshi)

Ndugu zangu, salaam. Tunajenga nyumba ya ghorofa moja katika eneo la Rau, hapa Moshi. Kuta za chini zimekwisha kufika lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), na fundi anakusudia kufunga mbao na kusimamisha mirunda ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, mara tu mvua za masika zitakapokatika. Muda wa kuamua kuhusu ngazi ni mdogo, nami bado sijaamua.

Nimekusanya picha nyingi za ngazi za kisasa, na zinazonivutia zaidi ni za aina tatu. Za kwanza ni zile ambazo vipandio vya mbao vinachomoza ukutani na upande wa pili havishikwi na kitu chochote, utadhani vinaelea hewani. Za pili zina boriti moja ya chuma inayopita katikati, na vipandio vimekaa juu yake bila ubao wa kuziba uwazi uliopo kati ya kipandio kimoja na kingine. Za tatu ni za zege jembamba lililopigwa rangi nyeupe, lenye vioo pembeni mahali pa nguzo za reli, na vitaa vidogo vilivyofichwa ukutani karibu na nyayo. Ramani yetu, kwa upande wake, inaonyesha ngazi za umbo la herufi U, ambazo mtu anapanda nusu, anageuka kwenye landingi, kisha anamalizia nusu ya pili. Nikizitazama kwenye karatasi naona ngazi za shule ya sekondari.

Chumba cha ngazi kina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4 ndani kwa ndani. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu, baada ya umaliziaji, ni mita 3.15. Ukuta wa mwisho, ule wa upande wa landingi, unaelekea kaskazini, yaani mlimani. Watumiaji ni sisi wawili, watoto wadogo, na mama mkwe ambaye hushukia kwetu kila anapokwenda kliniki katika hospitali ya KCMC.

Naomba kufahamu mambo mawili: je, naweza kuacha umbo la U na kuchukua mojawapo ya hizo nilizozitaja, na je, ni yapi ambayo lazima yaamuliwe kabla zege la slabu halijamwagwa?

Msanifu wa Njiro

Dada, hongera kwa kufika lenta, na umefanya vema kuuliza wakati ambapo kalamu bado inaweza kufuta. Kukusanya picha ni jambo zuri, nami huwaomba wateja wangu waniletee, ila huwa nawauliza swali moja kwa kila picha: hapo mpigapicha alisimama wapi? Ukiziangalia tena hizo zako, nadhani utaona kwamba nyingi zimepigwa na mtu aliyekuwa mita tano au sita mbali na ngazi, ndani ya sebule ambayo dari yake inafika hadi paa la ghorofa, na mwanga unaingia kutoka ukuta mzima wa kioo. Kinachokuvutia hapo ni nafasi na mwanga kwa sehemu kubwa, na ngazi zenyewe kwa sehemu ndogo. Ngazi hizohizo zikiingizwa katika chumba cha mita 2.4 kwa 4 chenye kuta pande tatu, hakuna atakayepata mahali pa kusimama ili azione.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua umbo. Ngazi za nyumbani zinapandika vizuri kipandio kinapokuwa na kimo cha kati ya sentimita 15 na 18, na sehemu ya kukanyagia isiyopungua sentimita 25. Kanuni inayotumika hadi leo, ambayo msanifu wa Ufaransa François Blondel aliiandika katika karne ya 17, inafuata hatua ya mwanadamu: vimo viwili ukivijumlisha na sehemu moja ya kukanyagia upate sentimita 60 hadi 64 hivi. Kwa mita 3.15 zako, vimo 18 vya sentimita 17.5 vinagawanyika bila baki. Ukichukua sehemu ya kukanyagia ya sentimita 28, unapata 17.5 mara mbili kujumlisha 28, yaani 63. Hizo ni ngazi ambazo mama mkwe atazipanda akiwa bado anazungumza nawe.

Sasa zinyooshe zote ziwe mstari mmoja, kama zilivyo katika picha nyingi. Vimo 18 vinahitaji nafasi 17 za kukanyagia, na hizo ni mita 4.76, kabla hujaweka hata mahali pa kusimama chini na juu. Chumba chako cha mita 4 hakizipokei. Ukitaka kuzihamishia sebuleni, andaa takriban mita 6.5 za ukuta usio na mlango wala dirisha. Aidha, ili kichwa cha anayepanda kisigonge ukingo wa slabu, panatakiwa uwazi wa mita 2 kwenda juu kutoka kila kipandio, na kwa vipimo vyako tobo la slabu litakuwa na urefu wa karibu mita 3.4. Hilo ni eneo linalotosha kuweka kitanda na kabati huko juu, nawe utakuwa umelitoa kwa ajili ya picha.

Umbo la U, kinyume chake, linakaa vizuri. Kila upande una vimo tisa na nafasi nane za kukanyagia, sawa na mita 2.24, ongeza landingi ya mita 1.10, jumla ni mita 3.34, na zinabaki sentimita 66 za kupumulia mbele. Kwa upana, kila upande unapata mita 1.05 na katikati unabaki mwanya wa sentimita 30. Mwanya huo usiuzibe kwa ukuta. Ngazi za shule unazozikumbuka huchusha kwa sababu ya ukuta au reli nzito ya katikati na giza la landingi. Uwazi ukiachwa, mwanga unateremka kutoka juu hadi chini na pande mbili za ngazi zinaonana.

Na hapa ndipo ninapokuonea wivu kidogo, kwa kuwa landingi yako inatazama Kilimanjaro. Weka dirisha refu, jembamba au pana upendavyo, linaloanza karibu na usawa wa landingi na kupanda hadi chini ya boriti ya juu. Sehemu yake ya chini iwe kioo cha usalama kisichofunguka, na sehemu ya juu ndiyo ifunguke kutoa joto. Mlima ukijifunua asubuhi, kila anayeshuka atakutana nao, na hakuna picha uliyonayo simuni yenye kitu kama hicho. Nakushauri pia usishawishike kuweka kioo cha paa juu ya ngazi. Katika latitudo yetu jua la adhuhuri huwa karibu utosini mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kioo cha paa hugeuza chumba cha ngazi kuwa cha kuanikia kahawa.

Kuhusu vipandio vinavyoelea, mfano unaoigwa sana ni ngazi za mbao katika maktaba ya nyumba ya Luis Barragán jijini Mexico, iliyokamilika mwaka 1948 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004. Ni nzuri kupita maelezo, nazo hazina reli hata moja. Barragán aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1988. Hakuwa na mama mkwe wa kumpeleka kliniki.

Mhandisi wa Sakina

Naunga mkono hesabu za msanifu, naongeza upande wa nguvu, kwa sababu picha haionyeshi kilicho ndani ya ukuta.

Kipandio kinachoshikwa upande mmoja tu hufanya kazi kama mtaimbo. Mtu mwenye uzito wa kilo 100 akikanyaga kwenye ncha ya kipandio chenye urefu wa mita 1, na kipandio hicho kikiwa kimezama sentimita 15 ukutani, nguvu ya kubinua inayojitokeza ndani ya ukuta hukaribia tani nzima. Tofali za saruji na mchanga, tena zenye matundu, haziwezi kuibeba nguvu hiyo siku moja, achilia mbali miaka thelathini. Nyumba zinazoonekana katika picha hizo huwa na ukuta wa zege lenye nondo, au mhimili wa chuma uliofichwa nyuma ya plasta ambao vipandio vyote vimechomelewa kwake. Ukuta wako umekwisha kujengwa hadi lenta, hivyo kuufanya uwe wa aina hiyo ni kuubomoa. Kuna ngazi za mawe za kale zinazofanana na hizo, kama zile za mzunguko katika Queen's House ya Greenwich, Uingereza, za karne ya 17, lakini huko kila jiwe limeegemea jiwe lililo chini yake, na mzigo unateremka kwa zamu hadi sakafuni. Ni mfumo mwingine kabisa.

Boriti ya chuma ya katikati inawezekana. Tatizo lake si kubeba uzito, ni kutikisika: boriti inaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado ikacheza mguuni kiasi cha kumtia mtu mzima hofu, kwa hiyo unene wake hupangwa kwa kuzuia mtikisiko. Ukiichagua, bamba za chuma zenye nanga lazima ziwekwe kwenye ukingo wa slabu kabla ya kumwaga zege. Kutoboa baadaye na kufunga bolti ni kazi ya kubahatisha, hasa fundi akikutana na nondo kila anapotoboa.

Kwa zege la U, ambalo ndilo ninalolipendekeza, simamia jambo moja kwa macho yako siku ya kufunga nondo. Pale ambapo mteremko wa ngazi unakutana na landingi iliyo juu yake, nondo za chini zisikunjwe zikafuata kona ya ndani. Zikikunjwa hivyo, mzigo ukija hujaribu kujinyoosha na kuisukuma nje ngozi ya zege, na ndipo ule ufa wa chini ya landingi, unaopigwa plasta kila mwaka na kurudi, unapozaliwa. Nondo za mteremko zinyooke zipite hadi upande wa juu wa landingi, na za landingi zinyooke ziingie kwenye mteremko, zipishane hapo konani. Huo mkunjo mmoja una uzito kuliko mjadala wote wa vioo na taa. Mchoro wa nondo utoke kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ubaki eneo la kazi ukiwa umebandikwa mahali ambapo fundi anauona.

Waya za vile vitaa vya ukutani zinahitaji bomba kabla ya plasta, jambo dogo ambalo husahaulika.

Binti Machame

Dada, mimi si mtaalamu, ila nina watoto na nina wazee. Uwazi kati ya kipandio na kipandio ni mahali ambapo mtoto anayetambaa hupitisha kichwa kwanza kisha mwili. Kanuni ninayoifahamu ni kwamba pasiwe na uwazi wowote, iwe kwenye vipandio au kwenye reli, unaozidi sentimita 10. Reli za waya zilizolazwa mlalo nazo zisikudanganye kwa uzuri wake, maana mtoto huzifanya ngazi ya kupandia. Kwa wazee, shida huwa ni kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo weka kishikio pande zote mbili, chenye unene ambao kiganja kinauzunguka, kwa kimo cha sentimita 90 hivi juu ya vipandio. Kioo peke yake hakishikiki.

Seremala wa Kiboroloni

Nimesoma michango yote, nami nakubaliana nayo isipokuwa nina neno kuhusu umaliziaji, kwa kuwa hapo ndipo sisi tunaoitwa mwishoni tunapokuta makosa yamekwisha kuganda.

Fundi wa zege hupima vimo 18 vilivyo sawa kwenye zege tupu, akaondoka akijisifu, na kweli viko sawa. Kisha sakafu ya chini inapata saruji ya kusawazisha na marumaru, tuseme sentimita 6 kwa jumla, na ya juu vivyo hivyo, ilhali vipandio vinapata mbao au jiwe la sentimita 3 tu. Matokeo yake ni kwamba kimo cha kwanza kinapungua hadi 14.5, cha mwisho kinapanda hadi 20.5, na vilivyo katikati vinabaki 17.5. Mguu wa mwanadamu hukariri kimo baada ya hatua mbili tatu. Kikibadilika ghafla kwa sentimita 3 ndipo watu wanapojikwaa, kila siku mahali palepale. Mwambie fundi wako akimwage kimo cha kwanza cha zege kikiwa 20.5 na cha mwisho kikiwa 14.5, ili baada ya umaliziaji vyote vilingane. Ndiyo maana swali lako la mbao au jiwe, ambalo watu huliahirisha, linapaswa kujibiwa kabla ya zege: unene wa umaliziaji unaingia kwenye hesabu.

Kwa mbao, chaguo langu la kwanza ni mninga, kwa sababu hautanuki wala kusinyaa sana majira yanapobadilika. Msaji wa Longuza kule Muheza nao ni mzuri, na bei yake huwa haiyumbi sana kwa kuwa ni wa shamba. Juu ya zege, ubao wa sentimita 3 unatosha. Ikiwa ubao wenyewe ndio unaobeba mtu, kama katika ngazi za boriti ya chuma, usishuke chini ya sentimita 4 au 5. Hakikisha mbao zimekaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, na kwamba muuzaji ana nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao mbichi hupendeza sana siku ya kukabidhi kazi, lakini ikifika Agosti kila kiungo kimefunguka na vipandio vinaimba usiku.

Wengi siku hizi wanapenda jiwe la granite lililong'arishwa. Sitalisema vibaya, ila ni mali inayofaa benki yenye mlinzi na kapeti. Udongo wetu mwekundu ukiingia na viatu wakati wa masika, jiwe hilo huteleza kama samaki. Ukilitaka, chagua lisilong'arishwa, au mwombe fundi alichonge mistari miwili kwenye mdomo wa kila kipandio. Terazo ya kumwaga, ile saruji yenye vipande vya mawe inayosuguliwa ikawa laini, ningeipendekeza zaidi, lakini mafundi wake wazuri wamekuwa adimu.

Msanifu wa Njiro

Mzee wangu wa Kiboroloni, hapo kwenye terazo tuko pamoja, na kwenye vimo vya kwanza na vya mwisho umenikumbusha jambo ambalo huwa naliandika kwenye michoro na bado halisomwi. Kwenye mbao nina shaka kidogo: nyumba yenye watoto wadogo na maji ya ndoo yanayopandishwa juu bomba linapokatika, mbao zitahitaji vanishi upya mara kwa mara. Mimi ningeweka terazo au kigae kisichong'aa kwenye vipandio, na mninga ningeutunza kwa ajili ya kishikio, mahali ambapo mkono unaugusa kila siku na jicho linaufuata kutoka chini hadi juu.

Mama Mjenzi (Rau, Moshi)

Nawashukuru sana. Ngazi zinazoelea nimeziacha, na la vipandio vya wazi nalo limekwisha. Nitabaki na U, mwanya wa katikati ukiwa wazi, dirisha la mlimani, terazo kwenye vipandio iwapo nitampata fundi, na kishikio cha mninga pande zote mbili. Nimebakiwa na maswali mawili. Je, vioo bado vinawezekana upande wa mwanya? Na katika picha mojawapo nimeona choo cha wageni kimewekwa chini ya landingi. Mume wangu anakitaka sana, je, kwetu kitakaa?

Seremala wa Kiboroloni

Vioo vinawezekana, dada, ila viwe vile vilivyoimarishwa kwa joto na kugandishwa viwili pamoja kwa utando katikati, ili kikipasuka kisimwagike. Kioo cha namna hiyo kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi tena, kwa hiyo vipimo vichukuliwe baada ya terazo kukamilika, na si kwenye ramani. Mwenye kukuambia alete vioo mapema ili "kazi iende haraka", mwambie asubiri. Tena ujue kwamba vumbi la kiangazi na vidole vya watoto vitakupa kazi ya kupangusa kila Jumamosi. Nguzo nyembamba za chuma zilizosimama wima, zikiachana sentimita 9 au 10, hupitisha mwanga karibu uleule kwa gharama ndogo zaidi.

Msanifu wa Njiro

Choo hakitakaa. Landingi yako iko kwenye kimo cha tisa, yaani mita 1.575 kutoka sakafuni. Ukitoa unene wa zege, sentimita 15 hivi, unabaki na mita 1.42 za uwazi. Hapo panafaa stoo ya ndoo, mafagio na magunia ya mahindi, au kabati la kuvuta lenye magurudumu. Katika picha aliyoipenda shemeji, nadhani landingi imewekwa juu zaidi, pengine kwenye kimo cha 13, ambapo chini yake hupatikana mita 2 na ushee. Kwa nyumba yenu hiyo ingehitaji nafasi 12 za kukanyagia upande wa kwanza, sawa na mita 3.36, ukijumlisha landingi ya mita 1.10 ni mita 4.46, na chumba kina mita 4. Kama shemeji anakitaka choo hicho kwelikweli, ukuta wa kaskazini lazima usogezwe nje nusu mita, pamoja na msingi wake, na mchoro uliopitishwa na Manispaa urudishwe kurekebishwa. Kabla hamjafika huko, angalieni kwanza kama choo hicho hakiwezi kupata nafasi kando ya jiko, ambako tayari kuna bomba la maji safi na la majitaka.